Kitabu cha Mume

Sedekia hajui kusoma, na kitabu kilikuwa kimekaa mezani kwake wiki ya tatu.

Jalada hakikuwa nalo. Lilibanduka zamani, kabla hakijafika kwake, na tangu hapo jina lake hakuna aliyelijua sawasawa. Pale Ubaruku watu walikiita kitabu cha mume. Ukurasa mmoja, karibu na katikati, ulikuwa umekunjwa pembe. Aliyeukunja ni Lea, mkewe. Na Lea yuko makaburini, upande wa mfereji mkubwa.

Siku aliyoukunja ilikuwa Jumapili mchana, baada ya ibada. Walikuwa wamekaa barazani, mzee anasuka kamba, Lea anasoma kwa sauti. Akafika ukurasa mpya, akausoma bila sauti. Macho yakarudi juu, yakasoma tena kimya. Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akavua miwani akafuta machozi kwa pembe ya kitenge.

"Nini?" Sedekia akauliza.

"Nimeshamjua huyu mume ni nani."

"Nani?"

"Kesho nitakwambia. Nawe fikiri kidogo, mzee. Siyo kila siku utafuniwe."

Akakunja pembe ya ukurasa, akaenda kubandika maharage. Kesho yake asubuhi presha ikampanda akiwa anafagia. Walimfikisha zahanati hasemi. Hakusema tena.

Watu waliokuja kutoa pole walimwambia Mungu amempenda zaidi. Sedekia aliitikia. Lakini wakishaondoka, akibaki na kile kitabu mezani, swali lilikuwa moja tu, nalo aliona aibu kulisema mbele ya waliovaa nyeusi. Alimjua nani?

Sedekia alizaliwa upande wa Ifunda, Iringa. Shule aliiona kwa nje. Baba yake alikuwa na ng'ombe, na ng'ombe hawajichungi. Alipopata ndevu akashuka Usangu kufuata kibarua cha mpunga, akasema atakaa msimu mmoja. Hakurudi. Miaka thelathini na ushei alikuwa mgawa maji, yule anayefungua na kuziba mifereji ili kila jaruba lipate zamu yake.

Kazi hiyo haitaki kalamu. Inataka sikio. Maji yakiibwa huko juu, huku chini mlio hubadilika, unakuwa mwembamba. Sedekia alisimama juu ya tuta, akainamisha kichwa, akasema, "Kuna mtu kafungua jaruba la nne." Watu wakienda, wanakuta kweli. Wezi wa maji walisema mzee anatumia dawa. Hakuwa na dawa. Alikuwa anasikiliza.

Kusoma alimwachia Lea. Lea alikuwa na darasa la saba, na macho yake yakawatosha wote wawili. Alimsomea barua za ndugu. Alimsomea maelezo ya mbolea na dawa ya magugu, matangazo ya kijiji, na hata maandishi ya fulana za watu waliopita barabarani. Watoto walipotawanyika na nyumba ikawa kubwa, akaanza kumsomea hadithi. Sedekia alipenda hadithi kuliko alivyokubali kusema.

Hii ya mume ilimkaa kichwani. Anayesimulia ni mwanamke. Yuko ndani ya nyumba, mume wake anafunga mlango kwa nje kila akitoka. Kiberiti amemficha. Anampa vidonge, anasimama hapo hapo mpaka avimeze. Jirani akija, mume anampeleka uani, wanaongea kwa kunong'ona. Mwanamke anaandika nyuma ya kalenda: mume wangu ananitakia nini?

"Mbaya huyo," Sedekia alisema kila walipofunga kitabu.

"Tutaona," Lea alijibu.

Siku ya mazishi aliyelia kuliko wote alikuwa Dastan, mjukuu waliyemlea tangu hajasimama, ambaye sasa ni fundi umeme Iringa mjini. Jitu zima lenye ndevu lilishika jeneza likapaza sauti, "Mke wangu! Mke wangu, unaniacha na huyu mzee, atanipikia nini?" Wamama wa kwaya wakacheka katikati ya kilio. Sedekia naye alitaka kucheka, akashindwa.

Baadaye msemaji wa familia akatangaza kama desturi, kwamba mwenye kitu chake kwa marehemu ajitokeze. Asmaa, fundi cherehani wa Igawa, alikuwa amekaa na wanawake, amejitanda. Kitabu kilikuwa chake. Akanyamaza. Sedekia alimwona akinyamaza, akaliweka hilo moyoni.

Lakini kitabu kile kilikuwa na foleni kama ya maji. Baada ya Lea zamu ilikuwa ya Tumpe, muuza maandazi wa pale mashineni. Wiki ya tatu Asmaa akapiga simu.

"Mzee Sedekia, shikamoo. Sikukimbizi, baba. Kitabu kaa nacho. Ila Tumpe ananipigia mpaka nimeanza kuzima simu."

"Marahaba. Alhamisi nitakileta mwenyewe."

Alhamisi akakifunga kwenye kitambaa, akatoka. Hakwenda moja kwa moja Igawa. Alikuwa na hofu moja. Kitabu kikitoka, kinatoka na neno la Lea ndani yake, na atakayefuata ataikunjua ile pembe bila kujua. Basi akapitia kwanza mashineni, kwa waliokisoma.

Mashineni umeme ulikuwa umekatika. Watu wamekaa juu ya magunia ya mpunga, wanasubiri. Obeid, anayeendesha mashine ya kukoboa, alikuwa mlangoni, nyusi nyeupe kwa vumbi la pumba. Tumpe alikuwa na ndoo yake ya maandazi.

"Shikamoo mzee. Pole tena," Obeid akasema.

"Marahaba. Obeid, hiki ulikisoma?" Akafungua kitambaa.

Obeid akakitazama kama mtu aliyekutana na mbwa aliyewahi kumng'ata.

"Nilikisoma. Na aliyekiandika siku nikimwona, tutaongea."

"Kakukosea nini?"

"Kanidanganya! Mtu anakushika mkono kurasa mia mbili, mnakwenda, unaona kabisa unakwenda Mbeya. Mwishoni anakushusha Iringa. Unashuka, unashangaa, hata mzigo wako huuoni."

Magunia yote yakacheka.

"Nyamaza, Obeid!" Tumpe akaziba masikio kwa mikono yenye mafuta. "Mimi ndiye ninayefuata! Ukisema mwisho, maandazi ya kukopa basi!"

"Sijasema kitu."

"Umesema Iringa!"

Ndipo Sedekia akajua kwamba nusu ya kitabu walikuwa nayo wote. Siku moja kama hii, umeme ulipokatika, Obeid aliwasomea kwa sauti mpaka katikati. Umeme ukarudi, mashine ikaunguruma, hadithi ikaishia hapo. Tangu siku hiyo hawakuwa na amani.

"Yule mume ana mke mwingine," Tumpe akasema. Mnyakyusa huyu hakuwahi kukosa la kusema. "Nisikilize, tata, baba yangu. Mwanamume anayefunga mlango kwa nje, ana ufunguo wa mlango mwingine mahali. Labda Makambako."

"Mume hayupo," mama mmoja akadakia kutoka kwenye gunia lake. "Alishakufa. Huyo mwanamke kachanganyikiwa tu."

"Hayupo, na vidonge anampa nani? Paka?"

"Mimi," Obeid akasema, "nilijua mwanamke kamuua. Mpaka ukurasa wa mwisho nilikuwa nangoja polisi. Kwa sababu ya lile jino."

"Jino gani?" Sedekia akauliza.

"Kuna mahali anasema jino la mume wake alilitupa mwenyewe. Na mkono wa mume haukufika. Sasa mzee, mtu atalipataje jino la mume wake kama hajampiga? Na huo mkono si umevunjika huo?"

"Nampongeza," Tumpe akasema. "Mimi ningemtoa mawili."

"Basi nikangoja, nikangoja. Polisi hawakuja. Lile jino mpaka leo sijui lilikuwa la nini. Ndiyo maana nasema kanidanganya."

Sedekia akaacha kicheko kipite. Kisha akasema taratibu, "Mke wangu alimjua huyo mume. Kabla ya mwisho."

Obeid akapangusa mikono kwenye suruali, akachukua kitabu, akakifungua penye pembe. "Alifika hapa tu? Tisini na moja?"

"Hapo."

"Mzee, usikasirike. Hapa hakuna mtu anayeweza kumjua. Mimi nilikuwa na kurasa mia zaidi yake na sikumjua. Labda alibahatisha."

"Mama Lea hakuwa mtu wa kubahatisha," Tumpe akasema. "Hata maandazi yangu alikuwa anayabonyeza kwanza."

"Nasema labda. Labda alimdhania mwingine."

Neno hilo lilimwingia Sedekia vibaya. Hakuwa amewaza kwamba Lea angeweza kuwa amekosea. Kile kicheko chote, yale machozi ya furaha, viwe ni kwa kitu kisichokuwepo?

Obeid akaona uso wake. Akamshika kiwiko, akamtoa mpaka upande wa lundo la pumba.

"Nikunong'oneze mwisho? Neno moja tu. Ukapumzike."

Mzee akasimama. Alitaka sana. Sikio lenyewe lilikuwa limeshainama. Kisha akalirudisha.

"Ukininong'oneza nitajua alichosema mwandishi. Alichosema Lea nitakijua wapi?"

Obeid akakuna kichwa, vumbi likamwagika. "Hicho kaondoka nacho, mzee wangu."

"Basi."

Akapanda bodaboda hadi Igawa.

Kibanda cha Asmaa kiko hatua chache kutoka barabara kuu. Malori ya Zambia yakipita, sindano inatetemeka. Babu zake walikuja bara na biashara ya nguo, wakabaki, na yeye bado Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha majirani. Akampa mzee stuli, akammiminia chai kwenye kikombe, akakipokea kitabu kwa mikono miwili.

"Ahsante, baba. Usingejisumbua."

"Wewe kilikufanyaje?" Sedekia akauliza. "Obeid kimemkasirisha."

"Obeid anasoma kama anakoboa. Anataka mchele upesi." Asmaa akatabasamu kidogo. "Mimi kiliniliza. Nilipokimaliza nilikwenda kwa mama yangu, nikakaa naye kutwa nzima. Nguo za watu zikachelewa."

"Kwa nini kwa mama?"

"Nikisema kwa nini, nitakuwa nimekwambia mwisho."

Sedekia akanywa chai. Akaweka kikombe chini. Akamweleza yote, kwa maneno machache: Jumapili, kicheko, kesho nitakwambia, presha. Na neno la Obeid, labda alikosea.

"Sitaki mwisho," akasema. "Nisomee huo ukurasa tu. Aliousoma kimya."

Asmaa akavuta kiti. Akafungua penye pembe, akasafisha koo. Alisoma vizuri, lakini upesi kuliko Lea. Mwanamke anaamka. Mlango umefungwa. Anahesabu vidonge. Anasikia mume wake uani anaongea na jirani. Sedekia alisikiliza kama alivyosikiliza mifereji, bila kuhangaika na kila tone, akingoja mahali mlio utakapobadilika.

"'Leo nimekumbuka jino la mume wangu,'" Asmaa akasoma. "'Alilia sana siku lilipong'oka. Mkono wake haukufika, basi nikalitupa mwenyewe juu ya paa. Sasa ana meno mazuri, ila hanichekei tena. Saa nne akaingia na uji...'"

"Rudi."

"Kwenye uji?"

"Kwenye jino. Alilitupa wapi?"

"Juu ya paa."

"Imeandikwa hivyo?"

"Imeandikwa. Hii hapa. Juu ya paa."

Sedekia akainamisha kichwa. Obeid hakusema paa. Obeid alisema alilitupa, basi, na mashineni kote wakaona ngumi na damu. Lakini mtu mzima jino lake likitoka, nani anahangaika na paa? Analitema, anasukutua, anakwenda zake. La kwenda juu ya paa ni la mtoto.

Na mtoto gani mkono wake haukufika?

Akaliona jiko lao la zamani, la nyasi. Dastan ana miaka sita, mdomo umejaa damu na makamasi, jino liko kiganjani. Anarusha, linarudi. Anarusha, linarudi. Mara ya tatu linamwangukia kichwani, anaangua kilio. Lea anatoka na mwiko mkononi. "Lete hapa, mume wangu. Mkono wako haufiki." Akalirusha, likanasa kwenye nyasi. "Mjusi, chukua bovu, lete zuri!" Yeye Sedekia alikuwa pale pale, anapasua kuni. Alikuwa amesikia yote.

"Mzee?" Asmaa akasema. "Chai imepoa."

"Huyo mume si mume," Sedekia akasema. "Ni mjukuu. Huyo mwanamke ni bibi kizee, akili inapotea. Kiberiti kafichwa asijiunguze. Mlango umefungwa asipotee. Kijana anamtunza bibi yake."

Asmaa alikuwa amekishika kitabu, kidole kwenye mstari. Kidole hakikusogea.

"Obeid kakwambia."

"Hajaniambia."

"Wallahi?"

"Kaniambia Lea."

Asmaa akatazama ukurasa, akamtazama mzee, akarudi kwenye ukurasa. Akasoma ule mstari kwa midomo, bila sauti. Kisha akajipiga paja.

"Jino la utoto! Nimekisoma mara mbili hiki kitabu, mara mbili, na jino nililipita kama sikuliona! Na mimi mwenyewe bibi yangu aliniita mke mwenza mpaka anakufa!" Akacheka, akajifunika mdomo kwa mtandio. "Obeid anasema kadanganywa. Kadanganywa na nani? Mbona lilikuwa pale muda wote?"

"Ni yeye, basi? Lea hakukosea?"

"Hakukosea, baba. Hata kidogo."

Sedekia akashusha pumzi. Akatoa simu yake ndogo mfukoni, akampa Asmaa. "Nitafutie Dastan."

Asmaa akapiga, akaweka sauti kubwa. Kwa mbali kulikuwa na mtu anagonga nyundo.

"Babu! Shikamoo! Kuna nini?"

"Marahaba, mwenzangu. Jino lako la kwanza lilitupwa wapi?"

Nyundo ikanyamaza. "Jino?"

"Jino."

"Juu ya jiko, babu. Lile la nyasi. Mimi lilinishinda, likanidondokea kichwani. Akanitupia mke wangu. Kwa nini unauliza?"

"Nauliza tu. Mke wako alikuwa anakucheka Jumapili ile ya mwisho. Nilikuwa sijui anamcheka nani."

Dastan akacheka, pua imeziba. "Huyo mwanamke bwana. Babu, umekula?"

"Nimekunywa chai Igawa. Endelea na kazi."

Simu ikakatika. Sedekia naye alikuwa anacheka, kifuani, bila sauti kubwa, mabega yanapanda na kushuka. Lori likapita, mkasi ukatembea wenyewe juu ya meza. Asmaa akajifanya anatafuta uzi.

Baada ya muda mzee akapangusa uso kwa kile kitambaa cha kitabu.

"Yule bibi," akasema. "Mwishoni anamtambua kijana? Anajua kwamba ni mjukuu wake?"

Asmaa akakichukua tena kitabu. "Nikwambie, au nikusomee?"

Hapo Sedekia akasita. Lea aliishia tisini na moja. Mbele ya hapo hakufika. Akitoka pale atakuwa anakwenda peke yake, mara ya kwanza tangu aoe. Akaitazama ile pembe iliyokunjwa, ndogo, kama sikio la mbuzi.

"Hiyo usiikunjue," akasema.

"Siikunjui."

"Na usisome upesi."

"Nitasoma polepole."

Asmaa akafunika cherehani kabisa. Akafungua ukurasa wa tisini na mbili, akaunyoosha kwa kiganja. Simu yake ikaanza kulia juu ya meza. Akaichungulia.

"Tumpe," akasema.

Sedekia akavuta stuli karibu, akainamisha kichwa.

"Na asubiri," akasema. "Soma."